Wingu lina nyumba, na nyumba ina gharama



Mwalimu mmoja wa mwaka wa sita wa shule ya msingi ametuandikia barua ndefu, nasi tumeisoma kwa furaha, maana imeandikwa kwa mwandiko safi na swali lake ni la mtu anayefikiri. Ametuomba tusitaje jina lake wala jina la shule yake. Habari yenyewe ni hii. Mwanafunzi wake mmoja alikuja darasani na simu ya mjomba wake. Simu ya kwanza ya mjomba huyo ilimwangukia ziwani alipokuwa akishuka katika mashua, na ndani yake mlikuwa na picha ya ubatizo wa mtoto wake. Mjomba alisikitika sana. Baada ya miezi miwili akanunua simu nyingine, akaandika jina lake na neno lake la siri, na mara ile picha ikarudi: padri, mama wa ubatizo, mshumaa, mtoto analia, vyote kama vilivyokuwa.

Basi watoto wakaanza kushindana. Picha ilikuwa imelala wapi muda wa miezi miwili? Mmoja akasema: “Ziwani.” Wenzake wakamcheka. Mwingine, aliye mjuzi wa mambo mapya, akasema: “Ilikuwa katika wingu, na wingu halilipishi mtu.” Hapo Mwalimu akakosa neno la kujibu, na usiku ule akashika kalamu. Anauliza: Je, ni kweli kwamba wingu hilo ni bure? Tena anaongeza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza. Kaka wa mwanafunzi mmoja, anayesoma mambo ya kompyuta mjini, hudai kila siku kwamba Kongo nayo ijenge nyumba kubwa za kutunzia mambo hayo, tena upesi. Gharama yake ni nini, na nani atakayeilipa?

Bwana Mwalimu, tunakushukuru. Kwa swali la kwanza jibu ni fupi: hakuna wingu lolote. Jina hilo walilibuni wafanya biashara, na ni jina zuri mno kwa kitu kizito namna ile. Picha ya mtoto ilikuwa katika nyumba, yenye kuta za saruji, yenye mlango na mlinzi mlangoni. Wenye kazi hiyo huiita kituo cha data, maana yake nyumba ya kompyuta nyingi zinazotunza habari na hesabu za watu, na kuzitoa tena mara mwenyewe anapozitaka.

Nyumba hizo zimo leo katika nchi nyingi, lakini mahali palipo na wingi wake kuliko pote duniani ni Ashburn, katika wilaya ya Loudoun, jimbo la Virginia, huko Marekani, yapata kilomita 50 toka Washington. Zamani hapo palikuwa na mashamba na ng’ombe. Katika miaka ya 1990 nyaya kubwa za intaneti zilianza kukutana katika sehemu zile, na kwa kuwa mwenye duka hupenda kujenga penye njia panda, makampuni yakafuata nyaya. Leo wilaya ile ina majengo ya namna hiyo yapata 200. Ni majengo makubwa sana, mengi hayana madirisha, na watu wanaokaa karibu husikia mvumo wake mchana na usiku, kama wa mto ulio mbali.

Tuingie ndani. Utaona makabati ya chuma yamepangwa kwa mistari mirefu kama madawati ya kanisa, na katika kila kabati kompyuta zimelazwa moja juu ya nyingine. Kabati la kawaida hula umeme wa kilowati 5 hata 10. Lakini tangu watu walipoanza kutumia akili bandia, yaani zile mashini zinazojibu maswali na kuandika barua kana kwamba ni mtu, yametokea makabati mapya yanayokula kilowati 120 na zaidi. Ewe mama unayepiga pasi, fikiri: pasi ya umeme hula yapata kilowati moja. Basi kabati moja tu ni sawa na pasi 120 zinazowaka pamoja, usiku kucha, Jumapili na sikukuu, pasipo kuzimwa hata mara moja.

Na pasi ile ni mfano wa kweli kabisa, kwa sababu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka joto. Haupotei, wala hauondoki kama moshi. Usipoliondoa joto lile, kompyuta zitajizima baada ya dakika chache, au zitaungua. Kwa hiyo mwenye nyumba hulipa umeme mara mbili: mara ya kwanza ili mashini zifanye kazi, mara ya pili ili zipoe. Katika nyumba zinazoendeshwa vizuri kabisa, kwa kila faranga 100 za umeme wa kompyuta huongezwa faranga 10 tu kwa kupoza na kazi nyingine za nyumba. Lakini ukihesabu nyumba za dunia kwa wastani, huongezwa zaidi ya 50. Tofauti hiyo peke yake yaweza kumtajirisha mtu au kumfilisi.

Sasa tuje kwenye fedha. Wajenzi wa majengo haya hawahesabu vyumba wala hawahesabu matofali. Wao huhesabu umeme: huuliza nyumba itakula megawati ngapi. Megawati moja ni kilowati 1,000. Kwa desturi ya siku hizi, kujenga nyumba yenye kula megawati moja hugharimu dola milioni 10 hivi, pamoja na nyaya, betri, mitambo ya baridi na mashini za mazuti, lakini bila kompyuta zenyewe. Mwenye kuijaza kwa kompyuta za akili bandia hulipa mara kadhaa ya fedha hizo. Kampuni moja tu, Microsoft, ilitangaza mwezi wa Januari 2025 kwamba katika mwaka wake wa hesabu ulioishia Juni 2025 ingetumia dola bilioni 80 hivi kwa nyumba za namna hii.

Hapa tusimame kidogo, maana wengi hukosea. Sisi tumezoea kujenga shule au zahanati. Tunakusanya mchanga na mawe, tunasumbuka na mabati, na siku ya kufungua mlango tunasema: Kazi kubwa imekwisha. Katika kituo cha data, siku ya kufungua mlango ndiyo kazi imeanza. Kuta zitadumu miaka 30 au 40. Lakini kompyuta zilizomo, ambazo ndizo fedha nyingi zaidi, makampuni makubwa yenyewe huzihesabia maisha ya miaka 5 au 6, kisha ni za kubadilishwa. Ni kama kujenga shule ambayo kila mtoto akimaliza masomo yake ya msingi, ni lazima kutupa madawati yote, mbao zote na vitabu vyote, na kununua vipya vya bei kubwa kuliko vya kwanza. Padri gani msimamizi angekubali hesabu hiyo?

Na umeme je? Wanafunzi, chukueni kalamu. Mwaka una saa 8,760. Tuseme nyumba moja inakula megawati 50, yaani kilowati 50,000. Zidisheni: kwa mwaka itakula kilowati-saa milioni 438. Tuseme kila kilowati-saa ni senti 8 za dola, bei iliyo rahisi. Hesabu ya mwaka ni dola milioni 35 na zaidi. Nayo ni nyumba ya katikati tu, siyo ile kubwa.

Yako pia mambo ambayo mgeni hayaoni. Watu hawakubali kituo cha data kizimike hata kwa dakika moja, maana ndani yake mna hesabu za benki, mna orodha za wagonjwa, mna tikiti za ndege. Basi katika kila nyumba kuna vyumba vya betri zinazoweza kushika mzigo kwa dakika chache, na nje mna mistari ya mashini za mazuti, kila moja kubwa kama lori, zenye kungoja siku ambayo umeme utakatika. Mashini hizo huenda zikakaa mwaka mzima bila kufanya kazi ya kweli hata siku moja. Hata hivyo ni lazima zinunuliwe, zijazwe mazuti, ziwashwe na kujaribiwa mara kwa mara, na fundi wake alipwe.

Tuseme sasa jambo ambalo liliwashtua hata mafundi. Tarehe 10 Julai 2024, huko Virginia, kifaa cha kuzuia radi kiliharibika katika laini kubwa ya umeme. Umeme ukayumba mara kadhaa kwa muda mfupi sana. Nyumba za data yapata 60 zilipohisi hivyo, kila moja ilifanya kama ilivyofundishwa: ilijitenga na laini ya umma na kuhamia katika betri na mazuti yake. Kila nyumba ilijiokoa vizuri. Lakini kwa kuwa zote zilifanya hivyo kwa wakati mmoja, mzigo wa megawati 1,500 ukatoweka ghafula katika laini. Mitambo iliyokuwa ikizalisha umeme huo ikabaki inasukuma pasipo mwenye kupokea, kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu na mwenzake wa ndani akaufungua. Walinzi wa laini walilazimika kupunguza nguvu upesi ili nchi isiingie gizani. Ili mpate kipimo cha jambo hili: mtambo wetu wa Inga ya Pili, uliomalizika mwaka 1982, ulijengwa kwa megawati 1,424. Mzigo uliotoweka ghafula katika kona moja ya Virginia ulizidi Inga ya Pili nzima.

Basi twaja kwenye moyo wa swali la Mwalimu: nani analipa?

Tuseme kwanza mema, ili tusionekane kama watu wanaopinga kila kitu kipya. Wilaya ya Loudoun imepata fedha nyingi. Wilaya hutoza kodi kila mwaka kwa zile kompyuta, na kwa kuwa kompyuta ni za bei kubwa, kodi hizo zimefika karibu theluthi ya mapato yote ya wilaya. Nyumba ya data haileti watoto wa kusomesha, wala haileti msongamano barabarani. Diwani gani atakataa mgeni wa namna hiyo? Lakini jimbo lenyewe la Virginia, ili kuyavuta makampuni, liliyasamehe kodi ya manunuzi ya mashini, na katika mwaka wa hesabu wa 2023 msamaha huo ulifika dola milioni 928. Basi mkono mmoja wa serikali ulipokea na mkono mwingine uliachilia. Na kazi? Wakaguzi wa bunge la Virginia walichunguza mambo hayo na kutoa taarifa yao mwezi wa Desemba 2024. Waliona kwamba wakati wa kujenga nyumba moja kubwa, watu hata 1,500 hupata kazi kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu: waashi, mafundi wa umeme, mafundi wa mabomba. Nyumba ikiisha, wanaobaki ni yapata 50, na karibu nusu yao ni wa kandarasi. Kijana anayedhani kwamba kituo cha data kitaajiri mji wake kama vile mgodi ulivyoajiri baba zetu, amekosea hesabu.

Sasa sikilizeni habari ya umeme. Nyumba hizi zikija nyingi pamoja, laini za zamani hazitoshi. Yapasa kujenga nguzo mpya, vituo vipya, hata mitambo mipya ya kuzalisha umeme. Gharama hiyo yatoka wapi? Katika nchi zile, kama katika nchi nyingi, kampuni ya umeme hugawanya gharama zake kwa wateja wote. Sehemu ile ya Marekani yenye majimbo 13 pamoja na mji wa Washington, ina chama kimoja kinachosimamia umeme wake. Jina lake ni PJM. Chama hicho hufanya mnada: wenye mitambo ya umeme hulipwa ili wawe tayari mwaka fulani, hata kama hawataitwa siku zote. Mwezi wa Julai 2024 walifanya mnada wa mwaka ulioanza Juni 2025. Mnada uliotangulia, bei ilikuwa dola 28.92 kwa megawati moja kwa siku. Safari hii ilipanda hata dola 269.92. Si kosa la mchapaji, wapenzi wasomaji. Ilipanda zaidi ya mara tisa. Mkaguzi wa soko lile, ambaye si mtu wa makampuni, alipiga hesabu akaona kwamba dola bilioni 9.3 katika gharama za mnada ule zililetwa na vituo vya data, vilivyokwisha kujengwa na vile vilivyotarajiwa.

Angalieni neno hilo: vilivyotarajiwa. Familia nyingi zimeanza kulipia nyumba ambazo hazijajengwa bado, na ambazo labda hazitajengwa kamwe. Mfikirieni mama mjane wa Maryland au Ohio, mwenye taa nne, friji moja na redio. Yeye hakuomba akili bandia. Hakuandikiwa barua ya kuulizwa. Siku moja anafungua hati yake ya umeme, anaona imepanda, anadhani amesahau taa usiku. Anawakemea wajukuu bure.

Ni lazima tuwe wa haki. Wale wakaguzi wa Virginia walisema kwamba mpaka wakati wa taarifa yao, bei zilizowekwa ziliwatoza wenye vituo vya data sehemu yao ipasavyo; hawakuona wizi. Lakini waliongeza kwamba mahitaji yakizidi kukua namna ile, hati ya mwezi ya familia ya kawaida, kwa wateja wa kampuni kubwa ya jimbo lile, yaweza kupanda kwa dola 14 hata 37 itakapofika mwaka 2040, bila kuhesabu kupanda kwa bei za vitu kwa jumla. Kwa tajiri si kitu. Kwa mtu anayehesabu sabuni, ni mlo.

Watawala wengine wameanza kuamka. Mwezi wa Julai 2025 jimbo la Ohio liliamua kwamba, kwa kampuni ya umeme inayohudumia mji wa Columbus, kituo kipya cha data kitakachotaka megawati 25 na zaidi kilipe asilimia 85 ya umeme kilioagiza, hata kama hakitautumia wote, kwa muda unaofika miaka 12. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Virginia nayo ilikubali utaratibu unaofanana na huo kwa wateja wakubwa, wenye kuanza mwaka 2027. Ni amri nzuri. Mtu akiagiza chakula cha wageni 100, na mama wa nyumba akachinja mbuzi, asije na wageni 10 akasema: Nitalipa tulichokula tu.

Kuna maji pia. Nyumba nyingi hupoza mashini kwa kuyageuza maji kuwa mvuke, na maji yale hayarudi bombani. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, kando ya mto Columbia, Google ilijenga kituo chake tangu mwaka 2006. Mwandishi wa gazeti alipouliza kituo kinatumia maji kiasi gani, mji ulikataa kujibu, ukisema ni siri ya biashara. Ukaenda hata mahakamani ili siri isitoke. Mabishano yalidumu zaidi ya mwaka. Mwezi wa Desemba 2022 mji uliacha kesi, na hesabu ikajulikana: mwaka 2021 kituo kilitumia galoni milioni 355, yaani lita bilioni 1.3 na zaidi. Ilikuwa zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Nasema kwa upande wangu, maji yenyewe hayanikasirishi sana, maana mto Columbia ni mkubwa na huenda yalitosha. Kinachonikasirisha ni kule kufichwa. Mtu mwenye kisima chake anaweza kunyamaza. Kisima cha mji hakina siri.

Na sisi je? Bwana Mwalimu, yule kaka wa mwanafunzi wako hana kosa lolote katika tamaa yake, na tafadhali usimwambie kwamba sisi tumemcheka. Mambo ya Wakongo yakitunzwa katika nyumba za ng’ambo, kila picha na kila hesabu husafiri kwa waya mrefu kwenda na kurudi, na safari hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni. Tena ni aibu nchi kutokuwa na mahali pa kuweka karatasi zake. Ndiyo maana Kinshasa sasa ina vituo vya data vilivyo vya kisasa. Kimoja, cha kampuni OADC na kampuni Texaf, kilianza kazi mwaka 2024. Nacho si kama vile vya Virginia: kiasi chake ni megawati 2 tu. Nyumba ya kadiri hiyo inafaa kwa benki, kwa hospitali, kwa ofisi za serikali.

Lakini hesabu ya kwetu ina shimo ambalo hesabu ya Virginia haina. Nchini Kongo, kwa watu watano, yapata mmoja tu ndiye aliye na umeme nyumbani, na hata huyo mmoja anajua kukatika kwake. Inga ya Kwanza ilianza mwaka 1972, Inga ya Pili mwaka 1982. Mchanga wa mto na uzee wa mashini vimezizuia kwa miaka mingi zisitoe nguvu zote walizojengewa wananchi. Basi tufanye hesabu ya pili. Nyumba yenye kula megawati 2, na umeme wa laini kwa senti 10 kila kilowati-saa: kwa siku nzima ni dola 4,800. Sasa tuseme umeme unakatika saa 6 kila siku, na mazuti hutoa kilowati-saa moja kwa senti 30. Saa 18 za laini ni dola 3,600. Saa 6 za mazuti ni dola 3,600 vilevile. Jumla ni dola 7,200. Robo moja ya siku gizani imeongeza nusu nzima ya gharama. Kwa mwaka ni dola 876,000 zilizokwenda katika moshi, na hapo hatujahesabu lori la mazuti lililokwama barabarani wakati wa mvua. Nani atakubali kuweka hesabu zake Kongo kwa bei hiyo, kama jirani mwenye umeme usiokatika anamwita kwa bei nafuu?

Kwa hiyo, kama mimi ningeulizwa, ningesema yule kijana aanze kwa kudai laini, si nyumba. Mtambo ukitengenezwa na laini ikasimama, wa kwanza kufaidi watakuwa fundi wa kuchomelea, mama mwenye friji ya samaki na chumba cha kuzalishia akina mama katika zahanati. Kituo cha data kitakuja chenyewe, kama vile nzi huijia asali. Lakini tukiweka nyumba ya data mbele na laini nyuma, itatokea kwamba umeme mdogo uliopo utafuata mwenye fedha nyingi, na mtaa mzima utabaki na vibatari ukitazama ukuta wenye taa.

Na kampuni ikija kweli, ikija na picha nzuri za nyumba yake, wakubwa wetu waulize mbele ya watu mambo haya: Mtakula megawati ngapi, na kutoka mtambo gani? Nguzo na vituo vya umeme ni kwa fedha ya nani? Mkiondoka baada ya miaka mitatu, nani atalipa deni la laini? Maji mtayatoa wapi, na hesabu yake itabandikwa wapi tuisome? Watu wangapi watabaki na kazi siku ambayo waashi wamekwenda? Yule mtu wa Injili aliyetaka kujenga mnara alikaa kwanza chini kupiga hesabu, naye alikuwa na mnara mmoja tu, tena mnara usiokula kitu.

Neno moja la pembeni, kwa ndugu zetu wa Kolwezi na Lubumbashi. Nyumba zile za Virginia zimejaa shaba: katika nyaya, katika mitambo, katika mabomba ya baridi. Shaba inatoka katika nchi nyingi, lakini Kongo imekuwa katika miaka hii mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuichimba. Siwezi kumwambia mtu kwamba waya fulani ulitoka Katanga. Lakini mchimbaji wa Kolwezi anayewasha kibatari jioni asidhani kwamba mambo haya ya wingu yako mbali naye.

Tumebakiwa na swali la watoto, ambalo ndilo lililoanzisha yote. Bwana Mwalimu, waambie hivi. Picha ya ubatizo haikuwa ziwani, wala haikuwa mawinguni. Simu ya mjomba, kabla ya kuanguka, ilikuwa imekwisha kuituma kwa mtambo wa simu, na toka pale ikapita katika waya hata ikafika katika kabati la chuma, kilomita nyingi sana toka kwenu. Makampuni haya huweka nakala zaidi ya moja, katika nyumba zaidi ya moja, ili nyumba moja ikiungua nyingine ibaki. Kwa hiyo yule mtoto mchanga anayelia amelala sasa mahali pawili au patatu, na katika kila mahali kuna mashini inayopozwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mamilioni ya wengine. Mjomba hakulipa faranga hata moja kwa nafasi ile, ni kweli. Picha moja ni kitu kidogo mno, na kampuni inatumaini kwamba siku moja zitakuwa nyingi, nafasi ya bure itajaa, nayo itamwomba malipo ya kila mwezi. Wengi wetu tumekwisha kuupokea ujumbe huo.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, hii ndiyo hesabu ya juma hili: Kituo kinakula megawati 3. Umeme wa laini ni senti 12 kwa kilowati-saa, na mazuti ni senti 36. Umeme unakatika saa 8 kila siku. Kitalipa dola ngapi kwa mwezi wa siku 30, na kingelipa ngapi kama umeme usingekatika? Tuleteeni majibu pamoja na njia mliyoifuata. Jibu peke yake hatutalikubali. Juma lijalo tutajibu barua ya mama mmoja anayeuliza kama inafaa kununua taa za jua kwa mkopo.